Majestic: Jumba Lililoukusanya Mji wa Unguja

Jumapili usiku, watu wakishasali Isha, mji wa Unguja ulianza kutembea. Wa Kikwajuni na Miembeni walikata Mnazi Mmoja. Wa Malindi na Kiponda walipenya vichochoro vya Mji Mkongwe. Wa Shangani hawakuwa na haraka, maana kwao ni hapo hapo. Wanaume na kanzu zilizopigwa pasi, wanawake na mabuibui yaliyofunika nguo mpya, watoto nyuso zinameta mafuta ya nazi. Ukimuuliza yeyote kati yao anakwenda wapi, alikujibu kwa neno moja: sinema.

Kwa wengi wetu safari hiyo iliishia Vuga, mbele ya jumba la Majestic. Mimi nimezaliwa miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa hiyo nililikuta limeshakuwa mtu mzima, lina historia yake na watu wake. Sikujua wakati huo kwamba pale nilipokuwa nikipanga foleni, mababu zetu walishapanga foleni tangu mwaka 1921, mbele ya jumba jingine lenye jina jingine. Zaidi ya miaka mia imepita tangu mlango wa kwanza ufunguliwe kwenye kiwanja kile. Umri huo unastahili kuandikwa, na waliokaa ndani wanastahili kukumbukwa, wao na maduka yaliyokula kwa mkono wa sinema. Mji wetu una misikiti mingi, una mabaraza na viwanja vya mpira. Lakini mahali ambapo mwanamke na mwanamume, hamali na hakimu, Mngazija, Mhindi, Mwarabu na Mswahili wa Ng'ambo waliketi chini ya paa moja wakicheka kwa wakati mmoja, palikuwa sinema.

Shuka jeupe kwanza, ukumbi baadaye

Picha zinazotembea ziliingia Unguja mapema, mwanzoni mwa karne ya 20. Unguja ilikuwa bandari iliyozoea kupokea vigeni. Pepo za kaskazi zilileta majahazi yenye tende na mazulia kutoka Ghuba, meli za Bombay zilileta vitambaa, vyombo na barua. Picha nazo zilikuja kwa njia hizo hizo, bidhaa miongoni mwa bidhaa. Mmoja wa waliozileta mwanzo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Hassanali Jariwalla. Ukumbi haukuwepo. Kitambaa cheupe kilitundikwa, mashine ikasimamishwa, watu wakakaa chini ya mbingu na kutazama.

Jariwalla aliona kwamba wateja hawapungui, wanaongezeka. Akaamua kuwajengea nyumba. Mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal huko Vuga. Mchoraji wake alikuwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye mkono wake unaonekana karibu kila pembe ya mji. Ndiye aliyechora Mahkama Kuu ya Vuga, na ndiye aliyechora Beit el Amani, lile jumba la makumbusho lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1925. Sinclair alipenda kuchukua matao na kuba za nchi za Kiislamu na kuzichanganya na mpangilio wa majengo ya kwao. Majumba hayo matatu, la kuhukumia, la kuhifadhia ya kale na la kutazamia picha, yalisimama mwendo mfupi wa miguu kutoka moja hadi jingine. Sinema haikutupwa pembeni mwa mji kama jambo la aibu. Iliwekwa mahali pa heshima.

Jina la Royal nalo lilifaa zama zake. Nchi ilikuwa ya Sultani, chini ya himaya ya Uingereza, na Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu mwaka 1911 hadi alipofariki mwaka 1960, ndiye watu waliyemjua kwa jina la mfalme wao.

Picha za miaka ile zilikuwa bubu. Maneno yaliandikwa kwenye kitambaa, na anayejua kusoma alimsomea asiyejua, kwa hiyo ukumbi haukuwa kimya hata kidogo. Kila safu ilikuwa na mkalimani wake. Desturi hiyo haikufa hata picha zilipoanza kusema. Mwaka 1931 Bombay ikatoa Alam Ara, picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, na tokea hapo nyimbo za Kihindi zikaanza kuvuka bahari. Wenye kujua lugha waliwafasiria wenzao. Wasiojua walijifunza kidogo kidogo, mpaka ukamkuta mtu wa Miembeni ambaye hajawahi kukanyaga India anaimba ubeti mzima bila kukosea. Picha za Kimisri nazo zilikuwa na watu wake, kwa sababu ya sauti za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab. Wapigaji wa taarabu walikwenda sinema na masikio yao. Klabu ya Ikhwani Safaa ilikuwepo tangu mwaka 1905, na wanamuziki wa mji hawakuona haya kuokota lahani nzuri popote ilipodondoka. Nyimbo za taarabu zilizotungwa kwa maneno ya Kiswahili juu ya lahani ya picha ya Kihindi ni nyingi, na bado zinapigwa harusini.

Moto, kisha Majestic

Jina la Royal lilikuja kuachwa, jumba likashika la Majestic. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jumba likateketea kwa moto. Kwa mji wa majumba ya mawe na boriti za mikoko, moto ni msiba wa kila mtu. Lakini wenye sinema hawakulia muda mrefu. Mwaka 1955 Majestic ilifunguliwa upya, pale pale Vuga, na safari hii haikuwa na matao ya Sinclair. Mchoraji wake, Dayalji Pitamber Sachania, alijenga kwa mtindo wa Art Deco: mistari iliyonyooka, kuta pana zisizo na nakshi nyingi, uso wa jumba unaotazama barabara kama mtu aliyevaa suti. Ukitoka kwenye vichochoro vya milango ya kuchonga na kutokea mbele yake, ulijihisi umeruka miaka hamsini mbele.

Hapo mji ulikuwa na majumba matatu ya sinema. Majestic ilikuwa Vuga. Sultana ilikuwa upande wa Malindi, imefunguliwa mwaka 1951. Empire ilikuwa ya tatu. Sensa ya mwaka 1958 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini, Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo pamoja. Majumba matatu kwa watu hao, na Jumapili bado kuna waliorudi nyumbani bila tiketi. Hesabu hiyo yatosha kuonesha jinsi watu wa Unguja walivyopenda sinema.

Jinsi jioni ilivyokwenda

Shughuli ilianza mchana dirishani. Tiketi za picha kubwa zilikwisha upesi, na hapo ndipo walanguzi walipojitokeza, vijana wenye mikono mifukoni wanaokunong'oneza bei ukipita. Mzee aliyewaahidi watoto sinema hakuwa na njia, alitoa. Ndani, viti vilikuwa na madaraja. Mbele kabisa, shingo imeinuka, walikaa wa bei ndogo: watoto wa skuli, wachukuzi wa bandarini, wauza samaki waliofunga kazi. Nyuma yao bei ikapanda kidogo, kisha kidogo tena. Kwa hiyo siwezi kusema sinema ilifuta tofauti za mji. Mwenye nacho alikaa mahali pazuri na asiyekuwa nacho alikaa mbele. Lakini wote waliona picha ile ile usiku ule ule, na kesho yake barazani hoja ya hamali ilikuwa na uzito sawa na ya tajiri, maana wote walikuwa mashahidi.

Taa zikizimika, kelele zilipanda kwanza ndipo zikashuka. Watu walizungumza na picha. Adui akijificha nyuma ya mlango, nusu ya ukumbi ilimwonya stelingi. Stelingi akipigwa, watu walishika vichwa, ingawa kila mtoto alijua kanuni kwamba stelingi hafi. Wimbo ukianza, wanaoujua waliimba nao. Mgeni aliyezoea sinema za kunyamaziana angeona fujo. Sisi tuliona adabu ya namna yake, kwamba ukifurahi usifurahi peke yako.

Jambo moja ambalo watazamaji wengi hawakuliona ni kazi ya baskeli. Picha ndefu ya Kihindi ilikuja katika mikanda kadhaa, kila mmoja ndani ya mkebe wake wa bati. Nakala ilikuwa moja, na mara nyingine wenye majumba walikubaliana kuionesha usiku mmoja sehemu mbili. Jumba la kwanza lilianza mapema, la pili likachelewa kidogo. Mkanda ukimalizika huku, kijana aliupakia kwenye baskeli na kuukimbiza kule, akarudi kuchukua mwingine. Mji mzima ulitegemea miguu yake.

Nakumbuka usiku mmoja wa masika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na moja, nimekaa mbele na ndugu zangu, na picha ikakatika mahali pabaya, mama anamtafuta mwanawe kwenye umati wa watu. Taa zikawashwa. Tukasubiri. Mvua ilikuwa ikipiga paa kama mtu anayemwaga mchele. Watu wakaanza kuita fundi, lakini fundi angefanya nini na mkanda haujafika? Mzee mmoja wa safu za nyuma akaanzisha wimbo uliokwishapita, akaupokea mwingine, na kabla hatujajua ukumbi mzima unaimba, maneno ya Kihindi yanatamkwa kwa midomo ya Kiunguja. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa. Akaingia kijana wa baskeli, kifua wazi, maji yanamchuruzika, amelikumbatia bati. Shati lake alikuwa amelifunga juu ya mkebe ili mkanda usilowe. Watu wakasimama. Sijapata kumwona stelingi wa picha yoyote akishangiliwa vile. Akapanda ngazi mbio, taa zikazimwa, na yule mama akaendelea kumtafuta mwanawe.

Buibui, Awara na swali la malezi

Marehemu bibi yangu hakuwa mtu wa kwenda huku na huko. Alikuwa na shughuli tatu za kutoka: maziko, harusi na sinema. Sinema yake ilikuwa ya zanana, maonesho ya mchana yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Kwa wanawake wa familia ambazo hazikuruhusu binti kuonekana hovyo, zanana ilikuwa mlango. Walikwenda makundi makundi, shangazi mbele, wasichana katikati, mtoto mdogo wa kiume amekamatwa mkono. Ndani, mabuibui yalishushwa mabegani, na hapo ndipo nguo mpya zilipoonekana, udi ukanuka, habari za mji zikabadilisha wenyewe. Posa ngapi zilianzia kwenye viti vile, mama mmoja akimtazama binti wa mwenziwe! Bibi alikuwa akisema kuwa alikwenda kutazama picha mbili, ya kitambaani na ya ukumbini, na ya ukumbini haikuwa na tafsiri ngumu.

Picha aliyoisimulia mpaka uzeeni ni Awara, ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka India mwaka 1951 na kuiteka Afrika Mashariki katika miaka iliyofuata. Hakimu anamfukuza mkewe kwa shaka, mtoto anazaliwa mtaani, jambazi anamlea awe mwizi, mpaka siku mwana anasimama mahkamani mbele ya baba asiyemjua. Hakimu anaamini kwamba mwana wa mwizi ni mwizi tu. Picha nzima inambishia.

Fikiria hadithi hiyo inaingia Unguja, mji ambao nasaba ndiyo salamu ya kwanza: we mwana wa nani? Bibi alisimulia kuwa walitoka wakibishana njia nzima, na ubishi ukahamia kwenye mabaraza ya wanaume. Wengine walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengine wakawajibu kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali mbili za kale, zote za kwetu, zimekaa pamoja miaka na miaka bila kugombana, sasa picha kutoka Bombay imezitia ulingoni. Watu walipata njia ya kuzungumza juu ya damu na malezi, juu ya baba mwenye cheo anayekosea, bila kumtaja jirani kwa jina. Kisha ikaja Mother India, ya mwaka 1957, mama anayelazimika kuchagua kati ya mwanawe na haki, na ubishi ukafunguliwa upya. Hapo sinema ilikuwa skuli ya mji, na haikumfukuza mtu kwa ada wala kwa kutojua kusoma.

Maduka yaliyokula kwa mkono wa sinema

Jumba la sinema haliishi peke yake. Mbele yake kulikuwa na muuza bisi, muuza njugu kwenye vikaratasi vilivyokunjwa kama pembe, muuza ubuyu, kashata na embe mbichi za pilipili. Picha ikimalizika, moshi wa mishkaki ulikuwa umeshakungoja. Lakini mkono wa sinema ulifika mbali zaidi ya hapo, mpaka kwenye vichochoro vya maduka.

Mshoni wa nguo za kike aliijua kila picha bila kuingia ukumbini. Wateja walimjia Jumatatu asubuhi wakichora kwa vidole hewani: kola hivi, mkono hivi, kiuno kibanwe hapa. Walikwisha kupita Darajani au kwa Wahindi wa kitambaa, ambako shubiri zilipimwa kwenye meza iliyolainika kwa mikono ya miaka mingi. Sonara aliambiwa atengeneze vipuli kama vya fulani. Muuza mafuta ya nywele alijua kuwa baada ya picha fulani vijana wote watataka kuchana nywele kwa namna moja. Na aliyevaa vikamkaa alikwenda kupiga picha, kwa sababu nguo isiyopigwa picha ilikuwa kama harusi isiyo na wageni.

Studio iliyojulikana kuliko zote ni Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Oza alikuja Unguja kijana, akafanya kazi kwa wapiga picha wa A. C. Gomes kabla ya kusimama mwenyewe. Aliwapiga picha masultani, kisha akaupiga mji wenyewe, siku zake za raha na siku zake za misukosuko. Ukiingia dukani ukatazama kuta, unaona nyuso za Unguja zimekaa sawa, mabega yamegeuzwa kidogo, macho yanatazama mbali kama ya waigizaji. Wale walijifunza wapi kukaa hivyo? Jibu lilikuwa likioneshwa kila Jumapili saa tatu usiku.

Maduka hayo yalikuwa na tabia zao. Mchana jua likipanda yalifungwa, mji ukalala, vichochoro vikabaki na paka. Alasiri milango ikafunguliwa, mwenye duka akatoa kiti chake nje, na biashara ikawa pia baraza. Mteja aliulizwa hali ya mama yake kabla ya kuulizwa anataka nini. Deni liliandikwa kwenye daftari refu, na mtoto aliyetumwa bila senti hakurudi mikono mitupu.

Milango inafungwa

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza mji. Watu wengi walipoteza maisha, na wengine wengi wakaondoka, miongoni mwao wenye maduka na wenye sinema. Majumba ya sinema yakaingia mikononi mwa serikali. Sultana haikuweza kubaki na jina lake, ikawa Cine Afrique. Waliokaa Ng'ambo, walioambiwa kwa miaka kwamba mji ni ule wa mawe, sasa walikuwa na haki ya kusema mji ni wao. Hilo halifai kusahauliwa na yeyote anayelilia ya zamani. Lakini ni kweli pia kwamba milango mingi iliyofungwa haikufunguliwa tena. Mshoni alihama, sonara alihama, daftari la madeni likabaki bila mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bidhaa ziliadimika, na watoto wa rika langu tulijua foleni ya mchele na unga kabla hatujajua foleni ya tiketi.

Katika miaka hiyo ya shida, sinema ndiyo iliyobaki kuwa raha ya watu wote. Nguo haikupatikana, lakini picha ilikuwepo. Tuliwaona vijana wa Bobby, picha ya mwaka 1973, tukamwona Bruce Lee na vijana wakaanza kurushiana mateke ufukweni, tukaiona Sholay ya mwaka 1975 tena na tena, mpaka mtaani tukagawana nani awe nani.

Wengi husema televisheni ndiyo iliyoua sinema. Kwetu haikuwa hivyo. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, miaka zaidi ya 20 kabla Bara hawajaipata yao, na sinema iliendelea kujaa. Sababu si ngumu. Seti zilikuwa chache, na watu walizitazama pamoja nje, barazani. Televisheni ya namna hiyo ni sinema ndogo tu.

Kilichoziua ni pale picha ilipoingia chumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa urais wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilifunguliwa. Maduka ya Darajani yakajaa tena, nasi tukashukuru, kwa kuwa kila mtu alikuwa amechoka na uhaba. Pamoja na mitumba na redio zikaja deki za video, na kanda za kukodi. Picha ambayo tuliingoja miezi sasa ilikaa juu ya kabati. Mwenye deki akawa na sinema yake, akawakaribisha anaowataka. Nakala mpya kwa ajili ya majumba zikazidi kuwa ghali na haba, viti vikakatika visishonwe, mashine zikazeeka. Mmoja baada ya mwingine, kumbi zikaacha kuonesha. Kisha likaja wimbi la utalii. Maduka ya vitambaa na vyombo yakawa ya vinyago, nyumba zikawa hoteli. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na mawe yakapata ulinzi. Mazoea ya watu hayakuwa na orodha ya kuingizwa.

Kilichobaki

Ukipita Vuga leo unaiona Majestic imesimama, imechoka, sehemu ya paa lake imewahi kuanguka. Wapo waliokataa kuiacha iende. Jumuiya ya Hifadhi Zanzibar imekuwa mstari wa mbele katika mpango wa kulikarabati jumba hilo liwe tena mahali pa picha, muziki na mikutano ya watu. Na picha zenyewe hazijaukimbia mji. Tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likikusanya watazamaji ndani ya kuta za Ngome Kongwe, kitambaa cheupe chini ya mbingu, kama ilivyokuwa siku za Jariwalla.

Kuna alama nyingine ambayo naipenda kuliko kibao chochote cha ukumbusho. Ndani ya Mji Mkongwe, njia kadhaa zinapokutana, lipo baraza ambalo watu hunywa kahawa, hucheza dama na bao na kubishana siasa. Linaitwa Jaws Corner, kwa jina la ile picha ya papa ya mwaka 1975. Papa mwenyewe amechorwa ukutani. Nimekaa pale nikawasikia vijana wakielekezana, tukutane Jaws, na wengi wao hawajaiona picha hiyo wala hawajaingia sinema maishani mwao. Buli linazungushwa, vikombe vidogo vinagongana, mtu anayepita anavutwa kwenye ubishi asioujua ulianzia wapi. Ule ubishi wa Awara, wa nyoka na malezi, ulikuwa hivi hivi. Kumbe ukumbi ulifungwa, lakini tabia iliyolelewa ndani yake ikatoka nje na kutafuta mahali pa kukaa.

Ndiyo maana siombi Majestic ikarabatiwe kwa ajili ya uzuri wa kuta, ingawa kuta zake ni nzuri. Naiombea irudi kwenye kazi yake. Wenye picha za zamani za jumba lile, wenye vipande vya tiketi ndani ya misahafu na makasha ya mama zao, wazee waliokimbiza mikanda kwa baskeli, wanawake walioshusha mabuibui yao mabegani wakati wa zanana, watafutwe na wasikilizwe wangali hai, maana historia ya jumba lile iko vifuani mwao kuliko ilivyo kwenye majalada. Mshoni wa kola hajaacha kitabu. Kijana wa shati lililofunga mkebe, sikupata kulijua jina lake.

Na siku milango itakapofunguliwa, Mungu akijaalia, nina ombi moja kwa watakaolisimamia. Wapake rangi wapendayo, waweke mashine za kisasa, wakaribishe wageni wa kila nchi. Lakini viti vya mbele vibaki vya bei ndogo, bei ambayo mtoto wa Kikwajuni anaweza kuitoa mfukoni mwake Jumapili usiku, akaingia bila kumwomba mtu, akainua shingo na kutazama.